Kamera ya Mama Ornella

Mtu anayekwenda dukani kununua kamera ya kulinda nyumba hutaka ile inayoona vizuri kuliko zote. Godelive alifika sokoni Nyawera siku ile akiomba kimoyomoyo apate ile inayoona vibaya kuliko zote. Hilo hakuweza kumwambia mtu yeyote, hata mumewe aliyemtuma.

Mumewe, Marcellin, anapima maji ya visima kule Kalehe. Huja nyumbani Jumamosi, na Jumatatu alfajiri huondoka tena. Wiki nzima Godelive hubaki na binti yao Ornella, mwenye miaka kumi na minne, kwenye nyumba yao ya mteremkoni, ambako ukikohoa uani jirani wa chini anakupa pole. Marcellin alikuwa amesema kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua: nunua kamera, ile isiyo na waya, ufunge juu ya lango, wezi wakiiona watapita mbali. Kwake yeye jambo lilikuwa rahisi namna hiyo. Lakini Marcellin hakuwepo walipomzika Papa Télesphore.

Papa Télesphore alikuwa mwalimu mstaafu, na nyumba yake ilitazamana na yao. Wezi walipomwingilia, mwezi mmoja kabla, aliwatii. Alilala kifudifudi sebuleni pamoja na mkewe, wakabeba televisheni, wakabeba simu, wakawa wanatoka. Ndipo mmoja wao akasema neno, neno la kawaida tu la kuwaharakisha wenzake, na mzee aliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa ule akainua kichwa. "Kumbe ni wewe," akasema. Walirudi kwa ajili yake peke yake. Mkewe, ambaye uso wake ulikuwa kwenye mkeka, hakuona kitu, na mpaka leo anamshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi, kwa sauti, mbele ya watu, ili kila mwenye masikio asikie kwamba yeye hakuona.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ulijua kwamba kuibiwa ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kumtambua anayekuibia. Godelive alimfundisha Ornella Jumapili moja baada ya chakula: unalala chini, unafunika macho, na hata ukisikia sauti unayoijua, huijui. Wakafanya mazoezi hapohapo kwenye sakafu ya sebule. Mara ya kwanza Ornella alicheka, na mama yake akampiga kofi, yeye ambaye hakuwa amempiga mtoto huyo kwa miaka mingi. Mara ya pili Ornella alilala vizuri, kimya kabisa, na kumwona vile kulimtisha Godelive kuliko kicheko.

Pale Nyawera muuzaji aliitwa Delphin, kijana mwenye maneno mengi na shati lililopigwa pasi vizuri. Alimpangia kamera tatu juu ya meza. Moja ilikuwa na kibao cha umeme wa jua, nyingine inafungwa penye balbu, ya tatu inageuza shingo yenyewe kufuata mtu. Akaiwasha ile ya tatu, akaielekeza barabarani, kisha akampa simu yake aangalie.

"Ona, maman. Mutu hata avae kofia, utamujua. Usiku iko naona na rangi. Mwizi akifika tu pa parcelle, pa lango yako, téléphone inalia, na sura yake iko hapa mu mukono yako."

Godelive aliangalia. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama mmoja anayeuza avoka, na kwenye simu alionekana mpaka kile kipele kidogo kando ya mdomo wake. Alijiona yuko kitandani, simu inalia kando ya mto, anaichukua, na mle ndani kuna uso wa mtu anayepeana naye mkono kanisani wakati wa kutakiana amani. Sura ya namna hiyo utaipeleka wapi? Na mwenyewe, akijua kwamba unayo, atakuacha uishi nayo?

"Hamuna yenye kuonyesha watu kidogo tu?" akauliza. "Yenye haionyeshe sura?"

Delphin alimtazama kama mtu aliyeombwa viatu visivyo na soli. Kisha akainama chini ya meza, akatoa boksi lililojaa vumbi. Mlikuwa na kitu cha plastiki chenye jicho jeusi la duara, antena mbili, na taa nyekundu inayopepesa.

"Kama ni kuogopesha tu, kuko hii. Inatumia piles mbili. Haionaka kitu, maman, iko ya bongo, ya uongo tu. Lakini mwizi hajue."

Godelive alisikia amani ikimshuka mwilini, amani ya kweli, hata akaona aibu. Wezi wangeogopa, na yeye asingelazimika kujua chochote. Alichukua ile.

Akaifunga juu ya lango, ikitazama njia ya ngazi ambayo kila mtu wa mtaa ule lazima aipite. Alimwambia Marcellin kwamba ni ile ya kibao cha jua, inaona mpaka kwa mafundi baiskeli kule chini. Marcellin alipotaka aunganishwe nayo kwenye simu yake huko Kalehe, mkewe akamwambia réseau ya simu ni mbaya, na kwa kuwa réseau kweli ni mbaya, aliaminiwa. Hata Jumamosi ile Marcellin alipokuja, aliitazama kutoka chini akiwa ameshika kiuno, akaridhika. Ornella alijigamba shuleni. Haikupita wiki, kila mtu aliijua kamera ya Mama Ornella. Wanawake walinyoosha vitambaa vya kichwa wakifika chini yake. Mlevi mmoja aliipigia saluti jioni zote. Papa Emile mwenyewe alikuja kuipongeza, na Emile hakuwa mtu wa kupongeza ovyo. Yeye ndiye katibu wa shirika la wakristo wa mtaa, yeye ndiye aliyepanga doria ya vijana na kugawa filimbi nyumba kwa nyumba, na kwenye maziko ya Papa Télesphore alisoma somo la kwanza kisha akamshika mjane kiwiko mpaka kaburini.

"Mumefanya muzuri," alisema akiitazama kamera. "Mutu mwenye roho mubaya ataikimbia."

Kwa siku tisa Godelive alilala usingizi wa mtoto.

Siku ya kumi, usiku, wezi waliingia kwa Maman Euphrasie, nyumba ya pili kutoka kwake. Godelive na Ornella walilala kwenye sakafu wakisikiliza majirani wakigonga masufuria mlima mzima kuitana, filimbi zikilia, na kati ya makelele hayo sauti ya Euphrasie ikiomba. Walimvunja mkono kwa sababu alichelewa kutoa funguo. Kisha wakashuka na mizigo yao kwa njia ya ngazi, chini ya lile jicho jeusi na taa yake nyekundu, wala hawakuliogopa hata kidogo.

Asubuhi Euphrasie alikuja, mkono umefungwa kwa kitenge, nyuma yake wanawake sita. Hakulia. Alisema tu, "Mama Ornella, balipita hapa. Tuonyeshe."

Hapo ndipo Godelive alipouona vizuri mtego aliojitegea mwenyewe. Akisema kamera ni ya uongo, mpaka adhuhuri mtaa wote utajua, na mpaka jioni watajua pia wale wasiotakiwa kujua, na lango lake litakuwa halina mlinzi tena. Zaidi ya hayo, angewezaje kumtazama Euphrasie na ule mkono, amwambie: nilichagua isiyo na macho, ili nisije nikamwona atakayekuumiza?

"Réseau ilikatika," akasema. "Nitaangalia. Munipe muda kidogo."

Wakampa muda, na muda huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. Siku ya kwanza walimsalimia kwa ufupi. Siku ya pili Euphrasie alipita akiangalia upande mwingine. Lakini chuki ya majirani Godelive angeweza kuivumilia. Kilichomnyima chakula ni hesabu nyingine: kama majirani wanaamini anazo sura za wezi, wezi nao wanaamini hivyohivyo. Mahali fulani kwenye mlima ule kulikuwa na watu wanaojiuliza Mama Ornella ameona nini, na atasema lini. Yeye ambaye hakuona hata kivuli. Alianza kumsindikiza Ornella shuleni na kumchukua, akawa anachelewa kazini, na kila mtu aliyekaa barabarani bila kazi alimwona anamtazama.

Alhamisi, saa tisa na nusu mchana, lango likagongwa polepole. Alikuwa Papa Emile, shati jeupe, daftari la shirika kwapani. Godelive alimkaribisha kwa furaha ambayo haikuwa ya kuigiza. Ornella alisalimia, kisha akarudi chumbani kwenye kazi zake za shule.

Emile aliketi, akasali kwanza sala fupi ya kuombea nyumba. Kisha akasema kwa upole kwamba maneno ya wanawake yameanza kugawanya shirika, na hilo halifai.

"Njo maana nimekuya. Unipe ile carte ya kamera, yenye inabeba picha, Mama Ornella. Mimi nitaipeleka kwa chef wa mtaa, wewe jina yako haitatajwa. Ao tuangalie hapa, sisi wawili tu. Tuone kama kuko sura."

Machozi yalimlenga Godelive. Siku tatu amebeba mzigo ule peke yake, na sasa huyu hapa mtu mzima, mtu wa sala, ameinama mbele yake anataka kumpokea. Akamwambia. Alimwambia kuhusu Nyawera, kuhusu boksi la vumbi, kuhusu jicho lisiloona. Alisema yote bila kupumua.

Emile hakucheka. Goti lake la kulia lilikuwa linarukaruka, na akalishika kwa mkono.

"Usinidanganye, maman. Hii si mambo ya kuchezea."

"Papa Emile, ningekudanganya juu ya nini?"

Godelive akachukua kigoda na kisu cha jikoni, akatoka, akaing'oa kamera langoni, akairudisha ndani na kuipasua juu ya meza mbele ya Emile. Betri mbili. Taa ndogo nyekundu. Kingine hakuna, ila utupu wa plastiki. Emile aliichukua, akapitisha ukucha ndani, akaitikisa karibu na sikio, akaiangalia muda mrefu sana kuliko ilivyostahili. Halafu mabega yake yakashuka. Akaegemea kiti, akajifuta shingo kwa kitambaa, akacheka kicheko kidogo cha mtu aliyepona homa.

"Mungu asifiwe," akasema. "Mungu asifiwe kabisa."

Godelive naye akatabasamu, kwa kuwa aliona mgeni wake amefurahi. Emile akasimama, akachukua daftari lake, akaanza kumwahidi kwamba wanawake atawanyamazisha yeye mwenyewe. Na Godelive, akiwa bado anatabasamu, akajiuliza ni furaha ya nini. Euphrasie angelia kusikia habari hii. Chef angekasirika. Marcellin angepiga meza. Wezi wamepita mbele ya kamera na kamera haikuwaona, na mtu yeyote wa mtaa ule angeona ni hasara, sembuse huyu aliyegawa filimbi. Kwa nini basi huyu mtu anamshukuru Mungu?

Wazo lilikuja lenyewe. Alijaribu kulikataa, alijaribu kwa nguvu zake zote kutolijua, lakini kujua hakuombi ruhusa. Na kabla hajajizuia, aliinua macho, akamtazama Papa Emile usoni. Labda sekunde mbili. Hazikuzidi tatu.

Emile aliacha kusema katikati ya neno.

"Mama Ornella," akauliza taratibu, "juu ya nini unaniangalia vile?"

"Siko nakuangalia, papa. Ni jua, iko naniingia mu macho."

Emile akageuka dirishani. Tangu saa sita mawingu yalikuwa yamefunika ziwa lililo chini ya mtaa na milima ya ng'ambo, na mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye mabati. Akasikiliza mvua hiyo kidogo. Kisha akaliweka daftari mezani, kando ya zile betri mbili, akavuta kiti na kuketi tena, polepole, kama mtu ambaye hana haraka.

"Ornella," akaita, kwa sauti ileile nzuri anayosomea masomo ya Jumapili. "Mutoto, kuya ukae na sisi kidogo."

Godelive alitaka kumwambia asije, lakini mlango wa chumba ulikwisha kufunguka. Ornella alitokea chumbani, kalamu bado mkononi, akauliza kuna nini. Mama yake alikuwa ameinamisha macho na kuyakaza sakafuni, kama walivyofanya mazoezi, na alijua kwamba amechelewa.