Ushahidi wa Ndani ya Eda

Mrisho Mbaruku alifariki Jumamosi asubuhi, akiwa ameketi kitandani barazani, kubadhi moja imo mguuni na ya pili ameishika mkononi. Alikuwa akijiandaa kwenda bandani kwake kuuza boriti, kama alivyofanya kila siku iendayo kwa Mungu tangu baba yake alipomwachia kazi ile. Mkewe, Ashatu, alikuwa jikoni akipuliza moto wa chai. Alimsikia akikohoa mara moja, kisha kimya. Alipotoka na kikombe alimkuta ameegemea ukuta, kichwa kimeinama, na kwa kitambo alidhani anatafuta kitu sakafuni.

Kufika adhuhuri nyumba ilikuwa imejaa watu. Wanawake walimweka Ashatu chumbani, wakamvua hereni na bangili, wakamfunga kaniki. Wanaume walimwosha maiti, wakamkafini, na jeneza likawekwa uani. Kabla halijainuliwa, imamu wa msikiti wa mtaani akasimama mbele ya watu na kuuliza swali linaloulizwa juu ya kila maiti wa Bagamoyo.

"Mwamshuhudiaje ndugu yenu huyu?"

"Mwema," wakajibu.

Akauliza mara tatu, na mara tatu wakajibu vilevile. Ashatu aliwasikia kupitia dirishani. Katika sauti zile aliitambua moja, sauti kavu iliyotangulia nyingine zote. Ilikuwa ya Muhidini, mdogo wake marehemu, aliyeletwa na lori kutoka Dar es Salaam saa moja tu kabla. Hapo ndipo Ashatu alipokumbuka kwamba keshokutwa ni Jumatatu.

Jumatatu hiyo ndugu wawili walikuwa wamepanga kwenda bomani pamoja, Mrisho akatoe kiapo cha kumsafisha mdogo wake.

Muhidini alikuwa amerudi kutoka Uingereza mwaka uliotangulia, 1957, na shahada yake ya sheria. Mji mzima ulimpokea kana kwamba tayari ni wakili. Lakini shahada peke yake haikutosha. Mwenye kuomba uwakili alipaswa kwanza kupimwa mwenendo wake na kamati ya mabwana watatu Dar es Salaam, na katika fomu yao kulikuwa na swali: je, umepata kutiwa hatiani katika baraza au mahakama yoyote? Muhidini aliandika hapana. Miezi miwili baadaye kamati ikapata daftari la zamani la baraza la liwali. Ndani yake, mwaka 1941, mlikuwa na jina lake: Muhidini bin Mbaruku, umri miaka kumi na saba, amekata mikoko bila leseni, kifungo siku ishirini na moja. Wakamwandikia barua. Kosa lenyewe ni dogo, walisema, tena la utotoni. Walichotaka kujua ni kwa nini mtu anayetaka kuwa wakili amelificha.

Naye hakuwa amelificha. Shida ilikuwa kwamba katika nyumba ile kifungo kile hakikuwahi kuitwa cha Muhidini. Boriti za mikoko hiyo zilikuwa za Mrisho. Alikuwa ameshaonywa mara mbili kwa kukata bila leseni, na mara ya tatu angefungwa mwaka mzima. Ashatu alikuwa na siku nne tangu ajifungue binti yake, Sihaba. Bwana misitu alipokuta boriti uani, Bi Mwanamvua, mama wa Mrisho na Muhidini, alikata shauri palepale kwenye uji wa asubuhi. Mkubwa ana mke mzazi na banda la kuangalia, alisema, na mdogo ana madaftari tu, ambayo hayaozi. Muhidini akaenda barazani kwa liwali, akasema boriti ni zake. Liwali hakuamini mara moja. Akamwekea Msahafu mbele yake, na mtoto akaapa.

Alipotoka kifungoni, amenyolewa kipara, habari ile ikazikwa. Mrisho peke yake ndiye aliyekuwa akiitaja, tena kwa mzaha, akisema kifungo chake kililiwa na mdogo wake kwa sababu tangu utotoni alikuwa mroho. Mama yake na Ashatu walicheka. Miaka ikapita. Kwa hiyo kalamu ya Muhidini ilipofika kwenye lile swali, alimweleza Ashatu baadaye, zilimjia machoni boriti za kaka yake, akaandika hapana bila moyo kumsuta.

Mrisho alipoambiwa habari ya ile barua, safari hii hakufanya mzaha. Kisha akasema Jumatatu atakwenda bomani na kusema yaliyo yake. Jumatatu ilipofika alikuwa na siku mbili kaburini, na waliobaki wakijua ukweli ule walikuwa Muhidini mwenyewe, mama yake, na Ashatu.

Siku ya nane ya msiba Muhidini alirudi. Aliingia kwanza kwa mama yake, katika chumba kilichopakana na cha Ashatu, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Aliomba kwa upole, akazunguka, akaomba tena. Mama alimwacha amalize.

"Watu wamesimama uani kwangu wakamshuhudia mwanangu kwa wema," alisema, "na wewe ulikuwa wa mbele kuitika, nilikusikia. Leo niende nikawaambie Wazungu kwamba alimfungisha mdogo wake? Nimezaa wanaume wawili, Muhidini. Mmoja yumo mchangani, hana mdomo. Wewe mdomo unao, na umekwenda kuunolea ng'ambo. Jisemee."

Muhidini akatoka, akaja kuketi ukumbini, nje ya pazia la mlango wa Ashatu. Shemeji si maharimu, na mwanamke wa eda hakai na mwanamume uso kwa uso, hivyo waliongea huku kila mmoja akitazama kitambaa.

"Shemeji," alisema, "wakili ni mtu anayelipwa kuwasemea watu. Mimi hata sijaanza kazi, natafuta wa kunisemea."

Ashatu hakucheka, ila alijua kwamba Mrisho angecheka. Alimjibu kwamba yeye hawezi kwenda bomani wala popote mpaka eda iishe, miezi minne na siku kumi. Muhidini akasema ameshaandika, na kamati imekubali kumtuma mtu aje hapahapa nyumbani. Lakini hakuinuka kwenda zake, na Ashatu akajua kwamba limebaki neno.

Neno lilikuwa hili. Ashatu akisema kwamba boriti zilikuwa za Mrisho, Muhidini atatoka katika ule wizi. Lakini ikijulikana kwamba aliapa kwa Msahafu kuwa ni zake, atakuwa mtu aliyeapa uongo mbele ya baraza, na hilo kwa wakili ni baya kuliko mikoko yote ya Ruvu. Basi akiulizwa habari ya kiapo aseme hajui. Na kwa kweli hakuwapo, alikuwa ndani ya arobaini ya uzazi.

"Nimesikia," alisema Ashatu.

Siku zilizofuata alichoka kwa namna asiyoijua. Haikuwa kazi, maana kazi alinyang'anywa na Sihaba na majirani. Aliamka, akaswali, akakaa. Alifua kaniki moja, akavaa nyingine. Kila aliyeingia alikuja na wema wa Mrisho mkononi: alivyomkopesha huyu makuti, alivyomzikia yule mama yake. Yote yalikuwa kweli. Na ilikuwa kweli pia kwamba alikaa hapa barazani, mwenye nguvu zake, akamtazama mdogo wake akipelekwa bomani kwa kosa lisilo lake. Mtu ni yuleyule mmoja. Ashatu alilala naye miaka kumi na minane, na hakuona jinsi ya kumgawa sasa ili kila mmoja apate kipande anachokitaka.

Jioni moja Bi Mwanamvua alikuja kukaa naye, sinia la mchele mapajani, akichambua. Alichambua karibu lote kabla ya kusema.

"Ukimsema mwanangu, mimi humu sitakaa."

"Mama, Muhidini naye ni mwanao."

"Najua niliowazaa," alisema mama, akanyanyuka na sinia lake.

Mtu wa kamati alikuja siku ya ishirini na moja. Aliitwa Bwana Seleman Kondo, karani wa mahakama wa siku nyingi, mwenye mvi na mkoba wa ngozi. Alipiga hodi vizuri, akaitikia shikamoo ya Ashatu kutoka nyuma ya pazia, akampa pole ya msiba. Muhidini aliambiwa akakae nje kibarazani. Bi Mwanamvua alijifungia chumbani mwake, ila Ashatu alijua ameketi wapi, maana kitanda kililia upande wa ukuta.

Bwana Seleman aliuliza polepole, akiandika. Boriti zilikuwa za nani? Za mume wangu. Alizikata lini? Kabla sijajifungua, akazileta kwa ngalawa. Nani aliyesema mdogo mtu abebe kosa? Ashatu akasema ni shauri la nyumba, na yeye alikuwemo, alinyamaza kwa kuwa alimtaka mumewe abaki. Kalamu ikaendelea.

"Barazani aliapa?"

Ashatu alitazama pazia. Alikuwa ameliandaa jibu la kwamba hakuwapo, na jibu lilikuwa tayari ulimini. Lakini aliona atakavyoamka kesho akiwa na jambo jingine la kulinda, juu ya yale ya kaburini, na akahisi hana tena mahali pa kuliweka.

"Mimi sikuwapo," alisema. "Lakini alipotoka kifungoni aliniambia kwamba aliapa. Alifunga siku tatu, kafara ya kiapo cha uongo. Mimi ndiye niliyempikia futari, nikiwa bado mzazi. Mwalimu wake wa chuo cha Kurani alikuwa amewafundisha hivyo, wala hakuna mtu aliyemtuma."

Bwana Seleman aliacha kuandika.

"Mama, unajua neno hili laweza kumwangusha shemeji yako?"

"Najua."

"Na mumeo umemsema vibaya, na hajatimiza hata mwezi."

"Mume wangu alikuwa aende bomani kuyasema mwenyewe Jumatatu ile. Mimi nimesema aliyotaka kuyasema."

Karatasi ikapitishwa chini ya pazia. Ashatu akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni, akairudisha. Karani alipoondoka Muhidini alisogea mlangoni. Alikuwa ameyasikia yote kupitia dirisha la ukumbini.

"Sijui kama umenitoa au umenimaliza, shemeji."

"Na mimi sijui. Kapumzike, una safari."

Arobaini ilisomwa, watu wakala pilau, wakatawanyika. Kesho yake Bi Mwanamvua alifunga sanduku lake, akaondoka kwenda Zinga kwa binti yake Tabia. Hakugombana na mtu. Alimbusu Sihaba kichwani, na alipopita mbele ya pazia la mkwewe hakusimama.

Barua ya kamati ilikuja mwezi wa tatu wa eda. Muhidini aliileta mwenyewe, akaisoma nje ya pazia, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema airekebishe fomu kwa mkono wake, aandike ndiyo palipoandikwa hapana, na akishafanya hivyo kamati haina pingamizi juu ya mwenendo wake. Haikutaja kiapo, wala saumu, wala jina la Mrisho. Ashatu alimwomba aisome tena, akaisoma. Alingoja furaha imjie, akaona kinachomjia ni usingizi. Akamwambia Alhamdulillahi, akamwombea heri, na Muhidini alipokuwa bado anashukuru, Ashatu alikuwa ameshajilaza kwenye mkeka.

Eda iliisha mwezi wa Septemba. Alioga, akavaa kanga, akapelekwa makaburini na bintiye kumwombea marehemu. Wiki hiyohiyo Muhidini aliapishwa uwakili Dar es Salaam.

Siku hizi Ashatu hupanda basi kila Ijumaa mpaka Zinga, na kikapu cha samaki wa kukaanga. Bi Mwanamvua hukipokea mlangoni, huitikia shikamoo, na hurudisha kikapu kitupu. Bado hajamkaribisha ndani.