Plagi Kavu za Gari la Mwalimu

Mke wa Mwalimu alinipigia simu saa tatu asubuhi, akawa ananong'ona kama mtu aliyejificha chini ya kitanda.

"Fundi, gari linazunguka lakini haliwaki."

"Linazunguka vipi, mama?"

"Linazunguka! Chwe-chwe-chwe-chwe, halafu basi. Njoo upesi. Na usije na kelele."

Sikuelewa fundi anakujaje na kelele. Nilibeba sanduku langu la spana nikaenda kwa miguu, maana kwao ni mtaa wa tatu tu kutoka gereji yangu. Huyo Mwalimu alinifundisha hesabu miaka minne. Leo nina mke, watoto watatu na upara, lakini nikimwona tu mikono yangu inajificha nyuma yenyewe. Na gari lake analilinda kama mboni ya jicho. Jumamosi hulitoa, akalizungusha mtaani mara moja, akalirudisha, akalifuta vumbi ambalo halijapata hata muda wa kutua.

"Mwalimu yupo?" nilimuuliza mama langoni.

"Amesafiri. Mkutano wa wastaafu. Anarudi kesho jioni."

"Amekwenda kwa basi? Na gari amekuachia wewe?"

"Fundi, nimekuita uangalie injini au uangalie ndoa?"

Nikafunga mdomo, nikafungua boneti.

Mama mwenyewe ni fundi, ila wa cherehani. Barazani palikuwa na mafurushi manne ya sare za kwaya, arobaini na mbili kwa jumla, zilizopigwa pasi na kukunjwa kama barua. Zilitakiwa zifike ukumbini kabla ya saa tisa, upande wa pili wa mji. Wanakwaya walikuwa wanaimba jioni hiyohiyo.

"Piga stata," nikamwambia.

Aliketi kwenye usukani. Niliona kiti kimesogezwa mbele na kioo kimeinamishwa kumfaa yeye, nikashangaa kidogo. Ufunguo aliufumbata kiganjani, umevishwa kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Akazungusha. Injini ikazunguka kwa nguvu, chwe-chwe-chwe, kama alivyosema. Haikukohoa hata mara moja.

Gari linalozunguka hivyo betri yake ni nzima na stata ni nzima. Linalobaki ni cheche au petroli. Moja kati ya hizo mbili haifiki. Nilichomoa plagi ya kwanza, nikaigusisha kwenye chuma, mama akapiga tena. Cheche ikaruka, ya buluu, safi kabisa. Nikalegeza mpira wa petroli, petroli ikanirukia shatini. Basi cheche ipo, petroli ipo. Lakini plagi zote nne zilikuwa kavu kama mfupa, hazina hata harufu ya petroli. Kwa hiyo petroli ilikuwa inafika mlangoni lakini haiingii ndani.

"Ni nozeli zinazonyunyiza petroli ndani," nikatangaza. "Zimeziba."

Sisi mafundi tuna ugonjwa mmoja: tukishatamka kitu mbele ya mteja, hatuwezi kukirudisha mdomoni. Nilizifungua nozeli zote nne, nikazisafisha, nikazipuliza mpaka masikio yakaziba, nikazirudisha pamoja na plagi. Mama akapiga. Chwe-chwe-chwe. Basi.

"Zimezibuka?" akauliza.

"Zimezibuka sana, mama."

"Mbona haliwaki?"

"Linafikiri."

Ilishafika saa sita. Nilikagua fyuzi, moja moja. Nilifuata waya kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma, nikidhani panya wametafuna; hata panya walikuwa wameliheshimu gari la Mwalimu. Mwishowe nikamimina petroli kiasi cha kifuniko cha chupa kwenye njia ya hewa, nikamwambia apige. Injini ikanguruma!

"Limewaka!" mama akapiga kelele, akaruka nje kukimbilia mafurushi. Hajafika barazani, gari likazima.

Hapo nilikaa chini kwenye tofali. Injini ilikuwa nzima. Ukiilisha kwa mkono, inakula. Ila ikiachiwa ijilishe, kuna kitu kinaiambia: usile. Nilisimama nikaingiza kichwa ndani ya gari, nikamwomba mama azungushe tena. Kwenye dashibodi, pembeni kabisa, kijitaa chekundu chenye umbo la ufunguo kilikuwa kinapepesa haraka haraka kama jicho la mtu anayekonyeza.

"Mama, hiki kitaa huwa kinapepesa hivi?"

"Mimi nilidhani ni pambo."

"Naomba ufunguo."

"Wa nini? Si uko hapa, unazunguka?"

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Naomba ufunguo."

Akaniangalia, akaangalia lango, akanipa. Nikavua kile kifuko. Ndani kulikuwa na ufunguo wa chuma kitupu, unang'aa, kingo zake bado kali kiasi cha kukata kidole.

"Huu umechongwa lini?"

"Jumanne," akajibu, na sauti ikamtoka ndogo.

Ndipo akanieleza. Mwalimu anautunza ufunguo wake mfukoni mchana na chini ya mto usiku. Lakini kila asubuhi akiingia bafuni huimba nyimbo tatu, wala hajawahi kupunguza. Mchonga funguo yupo pale kona. Mama alitoka na ufunguo wimbo wa kwanza ulipoanza, na wa tatu haujaisha alikuwa amesharudi, ameuweka mahali pake na anakoroga uji.

"Na kuendesha utaendeshaje, mama?"

"Nina leseni, fundi. Mwaka mzima sasa. Iko kwenye droo ya cherehani."

Nilimweleza taratibu. Ufunguo wa Mwalimu una chipu ndani ya kichwa chake. Ukiuzungusha, gari linauliza, wewe ni nani? Chipu inajibu. Huu wa kuchonga haujibu kitu. Gari linakubali kuzunguka, lakini nozeli linazifunga.

"Yaani limenitambua?"

"Limetambua tu kwamba wewe siye."

"Miaka thelathini na mmoja ya ndoa," akasema, "na hata gari liko upande wake."

Kisha akafanya jambo ambalo lilizidisha balaa: akamwita mchonga funguo. Alikuja na tupa yake ndogo nyuma ya sikio, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, akajitetea kabla hajashtakiwa.

"Mlango umefungua? Umefungua. Swichi imezunguka? Imezunguka. Mimi nimechonga ufunguo, sikuahidi safari."

"Ungeniambia kuna chipu!"

"Hukuniuliza, mama. Ulisema 'haraka, amefika wimbo wa pili.' Mimi nikajua ni mambo ya kwaya."

Tulikuwa katikati ya mabishano hayo, boneti wazi, plagi nne nilizozichomoa tena kuzifuta zimepangwa juu ya gazeti, lango likafunguka. Alikuwa Mwalimu na mkoba wake. Mkutano ulikosa akidi. Wastaafu wengi walisahau tarehe.

Mikono yangu ikaenda nyuma yenyewe. Mchonga funguo, ambaye naye alipita darasani kwa Mwalimu, akaitoa tupa sikioni akaificha.

Mwalimu alilizunguka gari polepole. Akatazama plagi. Akatazama kiti kilichosogezwa. Akanitazama mimi.

"Wewe," akasema. "Eleza. Kwa hatua."

Nikaeleza kwa hatua. Betri, stata, cheche, petroli, plagi kavu, kitaa. Nilipofika kwenye kitaa nikanyamaza, maana hatua iliyofuata haikuwa yangu.

"Endelea. Kwa nini kitaa kinapepesa?"

"Kwa sababu nimechongesha ufunguo wako," mama akasema. Alikuwa amesimama barazani katikati ya mafurushi yake, kidevu juu. "Na nina leseni. Na sare hizi zinatakiwa saa tisa. Sasa ugomvi wote tuuweke, tutaufanya jioni."

Akaingia ndani akarudi na leseni. Mwalimu akavaa miwani, akaisoma mbele na nyuma kama anayesahihisha mtihani, akitafuta kosa. Hakulipata. Akaikazia macho picha.

"Mbona hapa umetabasamu hivi?"

"Nilikuwa nimefaulu," mama akajibu.

Mwalimu akakohoa, akairudisha leseni. Kisha, nadhani ili kuonyesha gari ni la nani, akachomoa ufunguo wake mfukoni. Nikarudisha plagi mbio mbio. Aliketi, akarudisha kiti nyuma, akazungusha. Kitaa kikazimika vizuri kabisa. Injini ikasema chwe... chwe... kle. Kle. Kle.

Betri ilikuwa imekufa. Tulikuwa tumeizungusha tangu asubuhi.

"Tutalisukuma," nikasema. "Likishika mwendo, unaachia klachi, linawaka."

Tulilitoa barabarani, mimi na mchonga funguo nyuma, mama ubavuni, Mwalimu kwenye usukani kwa sababu alisema hakuna mwingine wa kukaa hapo. Tukasukuma. Likashika mwendo. Mwalimu akaachia klachi ghafla akiwa gia ya kwanza. Gari likasimama kama punda aliyeona nyoka, nami nikalibusu buti kwa meno.

"Gia ya pili, Mwalimu! Na taratibu!"

Mara ya pili alisahau kufungua swichi. Tukamsukuma hadi duka la mwisho wa mtaa, jasho likitutiririka, yeye ameketi wima akingoja muujiza. Mara ya tatu alikanyaga breki badala ya klachi. Mchonga funguo akalala chini kabisa, akasema afadhali aitwe mwizi wa funguo kuliko kusukuma tena.

Mama akatazama saa yake. Saa nane na robo. Akaenda akafungua mlango wa dereva.

"Baba," akasema kwa upole ambao ulinitisha, "shuka usukume."

Mimi nilitazama tairi. Mwalimu alishika usukani kwa muda, kama mtu anayeaga, kisha akashuka, akavua koti, akalikunja, akalitandika juu ya ukuta wa jirani. Akaja nyuma, akasimama kati yetu, akaweka viganja kwenye buti.

"Nyinyi mnasukuma kwa mikono," akatuambia. "Msukumo unatoka miguuni. Niliwafundisha."

Tukasukuma kwa miguu. Mama akaweka gia ya pili, akangoja, hakuwa na haraka yoyote. "Bado! Bado!" akawa anasema kupitia dirishani. Halafu akaachia klachi laini kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Gari likatikisika mara moja, likanguruma, likawaka. Mwalimu aliyekuwa amelilalia kwa uzito wote akaanguka kifudifudi barabarani, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona akicheka, kifua chini, miwani upande mmoja.

Hakukuwa na muda wa mengine. Mama alirudi kinyumenyume hadi langoni, mstari ulionyooka kama rula, tukapakia. Furushi moja mbele, moja kwenye buti, mawili nyuma, na katikati ya hayo mawili Mwalimu, mkoba mapajani. Aliliagiza gari zima kutoka huko nyuma: tazama kulia, tazama kushoto, punguza. Mama alijibu "ndiyo, Mwalimu" kila mara na akaendesha alivyotaka. Sare zilifika saa tisa kasoro dakika tano.

Sanduku langu la spana lilikwenda nazo, limefunikwa na furushi kwenye buti. Kesho yake asubuhi nililifuata. Mwalimu alinifungulia lango mwenyewe. Kiganja chake kilikuwa na plasta, na gari lilikuwa limeoshwa.

"Miezi mitatu alikuwa akijifunza," akaniambia kwa sauti ya chini tulipofika barazani. "Nilidhani anakwenda kununua vifungo. Nilijiuliza hivi watu wanavaa vifungo vingapi. Angeniambia tu, ningemfundisha mwenyewe."

"Ungenifundisha kuzima gari barabarani!" sauti ikatoka dirishani, juu ya mlio wa cherehani.

Mwalimu akanisogelea zaidi.

"Fundi wa chipu," akanong'ona, "anayeweza kutengeneza ufunguo wa pili kamili. Unamjua?"

"Namjua, Mwalimu."

"Mlete Jumatatu. Na wewe njoo. Mapema kidogo, kabla hajaamka." Akatazama dirisha, akajikuna shingo. "Hiyo habari ya klachi, hebu nielekeze tena. Kwa hatua."