Gemu Iliyorudi na Dada

Wiki nzima Najiat, fundi kompyuta mjini Tabora, alihangaika na kazi ambayo hakuna mteja aliyemletea. Alitaka gemu ya kupigana risasi waliyoicheza utotoni, yeye na dada yake Mwanajuma, iwake kwenye kompyuta yake inayotumia mfumo wa Linux. Mashine yenyewe ya gemu iliungua zamani kwa radi, ikabaki diski tu.

Mwanajuma alipowasili kwa treni kutoka Kigoma, alimkuta mdogo wake kaduwaa mbele ya kioo. Programu ya kuiga mashine ile ilikuwa imekubali, picha safi, muziki uleule, ila askari wao kasimama kama nguzo.

"Shikamoo dada. Pedi ya kuchezea haisomi!"

"Marahaba. Hata maji hujanipa!" Mwanajuma alicheka, lakini kiti akakivuta.

Najiat alipekuapekua, mwisho akagundua kwamba kompyuta haijampa ruhusa ya kutumia pedi. Akaandika amri moja, akaizima kompyuta, akaiwasha. Askari akaruka.

"Lete hapa!"

Mwanajuma, mwalimu mkuu na mama wa watoto wanne, alivua viatu akakaa mkekani. Najiat akashika pedi ya pili. Vidole vya Mwanajuma havikuwa vimesahau kitu. Alimwangusha Najiat mara saba mfululizo, akishangilia kwa sauti mpaka majirani wakachungulia dirishani.

"Wiki nzima unahangaika na gemu hii, na bado nakupiga?"

Najiat alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Tuanze upya," akasema.