Boga Lenye Msalaba

Mimi supu naijua. Supu ni ya mbuzi au ya makongoro, unakunywa mpaka kijasho kinakutoka puani na baridi ya Lushoto unaisahau. Boga si supu. Boga unalikata vipande, unalichemsha na maganda yake, unalila kwa chai, basi. Kwa hiyo Loveness, mke wa mwanangu Kristian, aliponiambia, "Mama, kesho nitakupikia supu ya boga," nilimtazama nikajua amechoka kuniuguza, sasa anatafuta pa kuchekea.

Kumjibu sikuweza. Tangu kiharusi kinipige mwezi wa sita, mkono wangu wa kulia umelala na ulimi umekuwa mzito. Ninachotaka kusema nakijua vizuri, ila kinachotoka ni mngurumo. Maji yananipalia. Hospitali walisema nile vitu laini na vizito, nikaletewa uji asubuhi na jioni, nikaukataa. Watu wakasema, maskini, Mama Kristian hana hamu. Hamu ninayo! Ila kijiko kikiingia, nusu yake inarudi na kuteremka kidevuni, na wa kunifuta ni mkwe wangu. Binti huyu nilimpokea mwaka jana baada ya mavuno, kutoka Magoma, nikamfundisha mwenyewe kuwasha kuni mbichi. Leo anifute mate kama mtoto mchanga? Bora njaa. Nilifumba mdomo nikageukia ukuta.

Muuguzi alinipima uzito akamwambia Kristian waziwazi kwamba nikirudi nimepungua tena nitalazwa, nilishwe kwa mpira wa puani. Nilisikia, maana kiharusi hakikugusa masikio. Mpira ule niliuona kwa marehemu mume wangu, Rubeni. Niliuogopa kuliko kifo chenyewe, na bado sikula.

Kitu kimoja tu ndicho nilichokuwa nakingojea, Sikukuu ya Mavuno kanisani kwetu. Kila mwaka boga likiwa changa, dogo kama ngumi, nalichora msalaba kwa ukucha. Kovu linakua pamoja na boga. Likikomaa, msalaba umekuwa mpana, na hilo ni la Mungu, haligusi sufuria ya mtu. La mwaka huu nililichora peke yangu shambani, na siku chache baadaye nikaanguka. Sikuwa nimemwambia mtu. Lakini nilipozinduka hospitalini, ahadi ya kwanza niliyotoa moyoni ilikuwa hiyo: umeniacha hai, boga lako nitakuletea.

Jirani yangu Esta, anayejua desturi yangu ya kila mwaka, aliuona msalaba shambani, akalichuma akaliweka nyuma ya mlango, msalaba ukielekea sakafuni kwa sababu upande ule ndio bapa na ndipo linapokaa bila kubiringika. Hakumwambia mtu kwamba ni la sadaka. Alidhani nyumba nzima inajua.

Jumamosi, kesho yake ikiwa Sikukuu ya Mavuno, nikasikia kishindo cha panga jikoni. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Loveness alikuwa amelipasua boga katikati, rangi yake ya ndani imewaka kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nilinguruma. Nilichukua kikombe kwa mkono wa kushoto nikakirusha, kikagonga fremu ya mlango.

"Mama! Kuna nini?" Akaja mbio, panga mkononi. Nikamwonyesha boga, nikaonyesha juu. Hakuelewa. Nikaonyesha tena, machozi ya hasira yakinitoka. Ndipo alipoligeuza lile pande kubwa akauona msalaba.

Kristian aliingia wakati huohuo. Aliutazama msalaba, akavua kofia. "Umepasua la sadaka, Loveness. Hilo ndilo boga la mama."

"Sikujua! Nani aliniambia?" Alikaa chini palepale sakafuni akalia kwa sauti. Mimi sikumwonea huruma hata kidogo, nasema ukweli. Nilikuwa nafikiri nitaingia madhabahuni kwa Mungu na nini, maganda?

Kisha Loveness akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Boga likishapasuka halirudi," alisema. "Nitalipika lote, na Mungu atapelekewa likiwa limepikwa. Kwani Yeye hali vya kupikwa?"

Yule binti anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya wageni, njia ya Irente, na akiamua jambo huwa ameamua.

Nililala nikimwangalia, nikitafuta kosa. Alikaanga kitunguu na liki, yale majani marefu yanayonukia kama kitunguu, kwa siagi, taratibu, bila kuviunguza. Akatia tangawizi, karoti, kiazi kimoja, kisha boga lililomenywa. Vilipolainika akaviponda kwa mwiko mpaka mkono ukamchoka, akachuja kwenye chujio, akarudisha motoni, akamimina malai, ule utando mzito wa juu ya maziwa, ya ng'ombe wa Esta huku akikoroga. Harufu ilinifuata kitandani. Mate yakanijaa mdomoni, mimi niliyesemwa sina hamu.

Akaja na kijiko. "Onja tu, mama. Ni nzito, haitakupalia."

Nilikaza midomo. Nilikitaka kijiko kile kuliko nilivyowahi kutaka chakula, lakini cha Mungu hakionjwi kabla hakijamfikia. Alinielewa mara moja safari hii. Alikirudisha bila kulamba hata yeye.

Asubuhi walinibeba kwenye kiti cha plastiki, Kristian na Esta, mpaka kanisani. Loveness alitangulia na hotipoti kichwani, katikati ya watu wenye kabichi, viazi na majogoo. Aliiweka madhabahuni. Nilisikia vicheko nyuma yangu, nikavimba. Kisha nikainamisha kichwa nikamwambia Mungu, hili ndilo, limepata ajali, lipokee hivyohivyo.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka, kama kawaida yetu. Vitu vinauzwa, na anayenunua anaweza kujichukulia au kumpa amtakaye, jogoo kwa mchungaji, ndizi kwa mjane. Mzee wa kanisa Timotheo aliinua hotipoti akafunua kifuniko. "Wapendwa, hii ni nini?"

"Supu ya boga!" alijibu Loveness, na watu wakacheka tena. Yeye mwenyewe akanyoosha mkono, akataja bei.

"Unanunua sadaka yako?" aliuliza Aron, mchuuzi wa mboga anayeshusha mizigo Mombo, mtani wa kila mtu. Akapandisha bei kwa uchokozi. Loveness akapandisha. Aron akapandisha tena. Nilimwona Loveness akifungua pochi, akiangalia ndani, akiifunga. Alinigeukia, na Aron akafuata macho yake mpaka kwenye kiti changu.

"Mwachieni," alisema Aron, utani umekwisha. "Ni yake."

"Nampa mama yangu," alisema Loveness.

Alisema mama yangu, hakusema mkwe. Sasa Mungu alikuwa amekwisha kupokea, na supu ilikuwa yangu kwa haki. Sikuwa na kisingizio kilichobaki isipokuwa kile cha kweli. Kanisa zima lilikuwa linanitazama, na kidevu changu nakijua.

Loveness alipiga magoti mbele yangu akiwa na bakuli. Hakuniletea kijiko. Alifungua kitenge chake kiunoni, akakitupia juu ya vichwa vyetu wote wawili, kikatufunika mpaka mabegani. Nje watu walikuwa wakiimba. Ndani tulikuwa mimi na yeye, na mwanga mwekundu wa kitenge.

"Hakuna anayeona, mama," alinong'ona. "Na mimi naangalia bakuli tu."

Kumbe alijua. Siku zote zile nilizogeukia ukuta, alijua kwa nini.

Nilifungua mdomo, akaniinamishia bakuli midomoni. Ilikuwa laini, nzito, ya moto kiasi, na ilishuka bila kunipalia. Nyingine ilinitoka kidevuni, naye hakuifuta mpaka nilipomaliza bakuli. Moyo wangu ulijaa shukrani mpaka ukaniuma, kwa Mungu na kwa binti huyu aliyelipasua boga langu. Nilikusanya nguvu zangu zote nimwambie asante.

"Chumvi," nikasema. Neno zima, safi, la kwanza tangu mwezi wa sita.

Loveness alicheka huku analia, paji la uso wake likigusa langu. "Ndiyo, mama. Ya kesho nitaongeza."