Notisi ya Mdomo

Vizibao vya kijani vilikuwa vichache kuliko wanafunzi, kwa hiyo kila Alhamisi kulikuwa na kusukumana mlangoni mwa stoo ya shule. Aliyechelewa alivaa kile kilichochanika kwapani. Msichana ambaye kidato kizima kilimwita Wakili hakuwahi kuchelewa. Alikivaa chake juu ya sare, akavuta zipu mpaka shingoni, kisha akamgeuzia rafiki yake mgongo ili ayasome maandishi aliyokwisha kuyasoma mara mia: SHERIA NA HUDUMA KWA JAMII.

"Umependeza kama taa za barabarani," rafiki yake akamwambia.

"Wivu tu huo."

Mpango huo ulikuwa wa shule yao peke yake, na walijua wanaonewa gere. Wakimaliza vipindi vya kawaida walisoma sheria: mikataba, haki za mtuhumiwa, mpangaji na mwenye nyumba. Alhamisi walitoka. Walishapaka rangi ukuta wa zahanati, wakazibua mitaro, wakawasaidia wazee kujaza fomu za pensheni. Mwalimu wa sheria alikuwa kijana mwembamba ambaye hata akiomba chaki aliongea kama yuko mbele ya majaji watatu. Walimpenda kwa sababu hiyo.

Siku hiyo hakuongea hivyo. Alisimama getini, mikono nyuma, akawahesabu mara mbili na kukosea mara zote mbili. Nje kulikuwa na lori la manispaa, injini inanguruma.

"Leo hatutembei, Mwalimu?" Wakili akauliza.

"Leo tumepewa usafiri."

"Na makoleo?"

"Pandeni, jamani. Tunachelewa."

Walipanda wakicheka. Ndani ya lori walikuwamo askari wa manispaa wawili, wamekaa kwenye kona na virungu vyao magotini. Wale hawakucheka. Mmoja alimtazama Wakili, akatazama kizibao, halafu akageuza uso kama mtu aliyeona kitu cha aibu.

Waliteremshwa kwenye mtaa wa mafundi, nyuma ya stendi. Ulikuwa uchochoro mrefu wa vibanda vya mabati: washona viatu, watengeneza saa, wachonga funguo, na upande wa kivulini mafundi cherehani. Wanafunzi waliufahamu vizuri. Mwezi uliopita walikuwa wamezibua mtaro wake uliojaa mifuko ya plastiki, na fundi viatu mmoja aliwashonea soli bure kwa shukrani. Walipoonekana watu walianza kuwapungia.

"Watoto wa sheria hao! Karibuni!"

Bwana aliyekuwa anawasubiri walimwita Bwana Usafi, kwa kuwa ndiye mkuu wa usafi wa manispaa, na pia kwa sababu hakuwahi kuonekana na chembe ya vumbi. Aliwakusanya mbele ya malori mengine matatu, yote matupu.

"Vijana wangu," alisema, "leo kuna mashine ya kuuchimbua huu mtaro mpaka chini. Inahitaji nafasi. Kazi yenu ni nyepesi. Waambieni wazee wetu hawa watoe vyombo vyao, tuvipakie, jioni warudishiwe. Nyinyi mkisema wanaelewa. Sisi wakituona tu, mbio." Akacheka mwenyewe.

Wakili alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake.

Kazi ilikwenda haraka kuliko walivyodhani. Watu waliinua meza, masanduku, stuli. Fundi saa alibeba droo yake ya vioo kama anabeba mtoto mchanga. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, fundi cherehani mnene wa makamo aliyeitwa Mama Vifungo kwa sababu ya mkebe wa vifungo aliouweka dirishani. Askari walipomsogelea aliushika mguu wa cherehani yake kwa mikono miwili.

"Mashine haipandi kwenye gari la watu nisiowajua," alisema. "Nitakaa nayo hapahapa. Mkitaka kuchimba, chimbeni pembeni yangu."

Askari mmoja akainua kirungu kidogo tu, kama anakipima uzito. Bwana Usafi akamzuia kwa kidole, kisha akamwita Wakili.

"Shikamoo, Mama," Wakili akasema.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kunihamisha?"

"Ni kwa ajili ya mtaro tu, Mama. Jioni inarudi."

"Nani kasema?"

"Mkuu mwenyewe."

"Huyo simjui. Nakuuliza wewe. Wewe unasemaje?"

Wakili aliona mtaa mzima umenyamaza kumsikiliza. Ukweli ni kwamba alifurahi. Alikuwa na miaka kumi na sita, na mtu mzima alikuwa ameliweka neno lake juu ya neno la mkuu.

"Mimi nasema itarudi," alijibu.

Mama Vifungo akaiachia mashine. Wakili mwenyewe alishika upande mmoja, wakaipandisha pamoja, askari mmoja akipiga picha kwa simu.

Malori yalipojaa yaliondoka, moja baada ya jingine. Ndipo tingatinga likaingia kutoka upande wa stendi. Lilipita kando ya mtaro bila kuugusa, likashusha bamba lake la chuma mbele ya kibanda cha kwanza, likasukuma. Bati lilipiga kelele. Nguzo zikavunjika kama vijiti vya kiberiti, na kibanda cha pili kikaegemea cha tatu.

Mwanzoni hakuna aliyepiga yowe. Watu walisimama mikono imening'inia, kama wanasubiri dereva agundue kosa lake. Kisha fundi viatu akaanza kukimbia kuelekea kibandani kwake, askari wakamdaka, na kelele zikaanza kila upande.

Wakili alimfuata Bwana Usafi, kizibao kikimbana pumzi.

"Mzee, hawa hawakupewa notisi! Mtu haondolewi bila notisi, na lazima asikilizwe kwanza. Tumesoma!"

Bwana Usafi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Alimtazama kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto hesabu.

"Notisi wamepewa. Leo hii, kwa mdomo, na vijana wa shule waliosoma sheria. Wakahama kwa hiari yao, wakapakia vitu wenyewe. Picha zipo. Au si wewe niliyekuona unapakia?"

Wakili akageuka, akakimbia kumtafuta mwalimu.

Alimkuta nyuma ya lori lililowaleta, anawapandisha wenzake haraka haraka. Rafiki yake alikuwa analia.

"Mwalimu, ulijua?"

"Panda, Wakili."

"Nauliza, ulijua?"

Mwalimu alijipangusa uso. "Nilijua nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Sikuiuliza." Akateremsha sauti. "Sikiliza. Manispaa ndiyo inayoubeba mpango huu. Kesho mtaitwa ofisini kwao, mseme kwamba mliwaeleza watu wote wahame. Utasema hivyo, kwa sababu ni kweli, si ndiyo? Halafu utamaliza shule yako vizuri. Usijiharibie."

Lori liliondoka bila yeye. Mwalimu alimwita kwa jina, mara ya pili kwa hasira, halafu akaacha.

Vyombo vilipelekwa kwenye yadi ya manispaa, ukuta mrefu wenye geti la chuma. Wakili alipofika kwa miguu, mafundi wengi walikuwa wamekwisha kufukuzwa. Mama Vifungo alikuwa amekaa juu ya kipande cha boksi, mgongo ukutani. Alimwona Wakili akija, hakuinuka.

"Mama, samahani," Wakili akasema.

"Samahani yako ina sindano? Ina uzi?" Hakuinua hata sauti. "Kuna sare za watoto mle ndani nimezikata, bado kuunganisha. Nitawaambia nini wazazi wao?"

Wakili alikwenda kugonga geti. Dirisha dogo likafunguliwa na mlinzi akachungulia.

"Mali kesho," mlinzi alisema kabla hajaulizwa. "Na kesho mtaambiwa keshokutwa."

"Sikuja kuchukua mali. Nimekuja kusema kwamba hawa hawakupewa notisi. Waliambiwa vitu vinarudi leo. Mimi ndiye niliyewaambia, na niliambiwa niseme hivyo na mkuu wa usafi. Nitasema hapa, nitasema na mahakamani."

Mlinzi alishusha sauti. "Binti, nenda nyumbani."

"Andika nimefika."

"Nenda nyumbani, nakuomba."

Lakini redio ya mkononi ilikuwa imekwisha kukoroma kiunoni mwake. Mtu wa ndani aliuliza kuna nini getini. Mlinzi alieleza, kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Sauti ikataka jina la mwanafunzi, Wakili akalitaja. Ikataka kidato. Ikataka anapoishi, na anaishi na nani, na mama yake anafanya kazi gani. Wakili alijibu yote, na kila jibu lilipopita kwenye redio alihisi linaondoka kwake kabisa, linakwenda kukaa mahali ambapo hatalifikia tena.

Redio ikanyamaza. Kisha komeo likavutwa kwa ndani, na geti likafunguka kiasi cha upana wa mtu mmoja. Mle ndani hakuonekana mtu mwingine ila mlinzi.

"Wanakuita," mlinzi alisema. Hakumtazama usoni. "Ingia wewe peke yako."

Wakili alipiga hatua moja.

Nyuma yake alisikia boksi likikunjwa. Mama Vifungo aliinuka kwa taabu, akajipangusa vumbi la sketi, akaja akamshika msichana kiganja cha mkono. Alimshika kwa nguvu, mpaka ikauma.

"Huyu ni mtoto," alimwambia mlinzi. "Haingii peke yake."

"Mama, nimeambiwa mmoja."

"Basi funga geti lako."

Mlinzi aliangalia ndani, akawaangalia wao. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo, na haukufunga wala haukufungua.