Aliyetutoka

Dobi aliingia kwa mama yake Jumapili saa nane mchana, kitambaa cha meza begani, kimepigwa pasi mpaka kimekuwa kama karatasi. Chupa ya chai aliiacha mlangoni. Nyumba ile ilikuwa ya Wamormoni, na dini yao inakataza chai, kwa hiyo chai haikuingia, na tangu aache kanisa, yeye na chupa yake walikuwa wamekubaliana: yeye ndani, chupa nje.

Babu alikwishafika. Alikuwa amekufa miaka kadhaa sasa, lakini familia ikikutana hakosi. Alikaa na suti aliyozikwa nayo. Wifi alikuwa amemtandikia nailoni, maana Babu akinywa maji, yanapita moja kwa moja mpaka kwenye mto wa kiti.

“Mke wangu,” akamwita dobi, “hili koti nani alilipiga pasi?”

“Si mimi. Ulikufa ghafla.”

“Inaonekana. Umekuja na chai?”

“Ipo nje.”

Babu akaguna. Alibatizwa akiwa ameshakufa. Kaka mkubwa ndiye aliyezamishwa kwenye maji ya hekalu kwa niaba yake. “Sikatai,” akanong’ona. “Ila habari ya chai hawakuniambia.”

Dobi akacheka, lakini moyo haukuwa hapo. Leo alikuwa na ombi moja tu kwa mama yake. Akamfuata jikoni.

“Mama, leo kwenye sala usiseme nimewatoka.”

“Kwani hukutoka?”

“Nimetoka kanisani. Hapa nipo, nimekushikia sufuria.”

Mama akamfuta masizi shavuni kwa kidole gumba. “Umekonda,” akasema, basi.

Mezani wakainamisha vichwa. Mama akamshukuru Mungu kwa chakula, kwa wajukuu, na kwa Babu kuwa kati yao akiwa mzima wa afya. “Na umkumbuke binti yangu aliyetutoka.”

Binti mwenyewe alikuwa kiti cha pili, amempakata mtoto wa kaka yake.

“Hebu ngoja,” Babu akasema. Wakafumbua macho. “Aliyewatoka ni mimi. Mlinizika wenyewe. Huyu si huyu hapa?”

Kaka mkubwa akakohoa. “Babu, hatujafika amina.”

“Baba, wewe tutakukuta huko mbinguni,” Mama akasema. “Hekaluni tumeunganishwa milele. Huyu nitamkuta wapi?”

“Hapa. Jumapili.”

“Nauliza huko.”

“Huko sikujui. Sijafika bado. Kila nikianza safari, mnapika.”

Mtoto peke yake ndiye aliyecheka. Wifi akafunika mchuzi usipoe.

Mama akavuta kiti chake, kikakwaruza sakafu, mpaka bega lake likagusana na la dobi. Akautafuta mkono wa binti yake chini ya meza, mkono uliokakamaa kwa sabuni na pasi, akaushika. Kisha akafumba macho na kuianza sala upya, isije ikafika huko juu ikiwa na kiraka. Chakula. Wajukuu. Babu.

“Na umkumbuke binti yangu aliyetutoka,” akasema, akivibana vidole vile mpaka vikauma. “Umrudishe nyumbani.”

Dobi hakuuchomoa mkono. “Amina,” akaitikia pamoja na wengine, na Babu naye.

Mama akachukua upawa, akampakulia dobi kabla ya wote.