Baada ya Ukurasa wa 37

Pale chuoni Toruń, Bogna alikuwa hashikiki kwa kupanga vitabu vya hesabu kwa kompyuta, na alilijua hilo kupita kiasi. Ludomir alipomletea tasnifu yake akitaka orodha ya namba tasa ishirini za kwanza, mtu mwingine angeziandika tu kwa mkono. Bogna akaona huo uvivu. Akatunga makro, amri fupi za lugha ileile inayopanga kurasa, zikazisaka namba zenyewe: mbili, tatu, tano, mpaka 71. Akajichekea peke yake kwa raha.

Tasnifu ikajalidiwa na Mzee Zenon, fundi ambaye duka lake hujalidi kazi za chuo. Asubuhi karani wa kitivo akaifungua, akairudisha: baada ya ukurasa wa 37 ulikuja wa 71. Ludomir hata hakusoma mstari mmoja kuona kama maneno yanaendelea.

"Huyu mzee keshazeeka na macho yake," akafoka mbele ya Bogna. "Kanipotezea sura nzima. Nimeshampigia simu, kazi za chuo asizitarajie tena."

Bogna alipoiona ile 71 akalitambua kosa lake. Namba zilizosakwa na makro yake alikuwa amezihifadhi katika kihesabio namba sifuri, na hicho ndicho mashine inachotunzia namba ya ukurasa. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huonywa asikiguse. Namba ziliruka tu; hakuna ukurasa uliopotea.

Hakumwambia Ludomir. Aliona haya, basi. Akajiambia atasema baada ya chai, kisha baada ya chakula.

Jioni akaenda kwa Zenon. Alimkuta amepiga magoti chini ya meza ya gundi, makaratasi yametapakaa duka zima.

"Karibu, binti. Natafuta kurasa za yule bwana," alisema mzee. "Nimepekua mpaka mapipa ya taka. Nikikosa nafunga duka. Kama siwezi kuiamini hii mikono, bora niache."

"Mzee, hazipo."

"Ndiyo ninavyosema. Nimezipoteza."

"Hazikuwahi kuwapo. Nilikosea mimi kwenye kompyuta, namba zikaruka. Nitamwambia Ludomir sasa hivi, nitamwambia na karani. Nisamehe."

Zenon akaacha kupekua, vumbi limemjaa magotini.

"Umejua lini?"

Bogna alitamani kudanganya.

"Asubuhi."

"Asubuhi," mzee akarudia taratibu.

Bogna akamnyooshea mkono ainuke. Zenon akashika mguu wa meza, akajiinua mwenyewe.